Kabla Hujaenda

Darasa la kuandika vichekesho lilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, kila Jumamosi mchana. Mwenye duka aliwaruhusu wanafunzi wakalie magodoro ya akiba kwa sharti kwamba wasiyavue nailoni. Mtu akijigeuza, nailoni ililia. Mtu akicheka, godoro zima lilipiga kelele, kwa hiyo Mwalimu hakuwa na haja ya kutazama nyuso za watu ili ajue kama mzaha umekubali. Alisikiliza magodoro.

Mwalimu hakuwa mwalimu. Alikuwa mtu aliyeanguka ngazini kwenye runinga, miaka mingi iliyopita, akiwa na ndoo mkononi, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hakufanya kazi nyingine ila kueleza alivyoanguka. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alikuwa na kipindi chake, kilichorekodiwa Alhamisi na kurushwa Jumapili jioni, na wanafunzi ndio waliomwandikia. Hilo aliliita mafunzo.

"Mtu mmoja, kasoro moja," aliwaambia siku ya kwanza. "Mlevi ni mlevi, basi. Bahili ni bahili, basi. Ukimpa kasoro mbili, watu wanaanza kumfikiria. Wakimfikiria, wanamhurumia. Wakimhurumia, wananyamaza. Anayetaka watu wanyamaze aende akahutubie makaburini."

Magodoro yalilia.

"La pili, msitunge. Nyinyi hamna akili ya kutunga, nimewaona mlivyokaa. Andikeni watu wa nyumbani kwenu. La tatu, choo kiko chini, ufunguo anao muuza magodoro. La nne, kitu chochote watakachokicheka watu ukumbini kitamtoka mwenyewe na kuhamia stoo yetu. Sitaki kumwona shemeji wa mtu anapanda ngazi hizi kuja kunidai."

Karani wa bima, aliyekaa mbele kabisa na kalamu tatu mfukoni, aliuliza kama lazima uache kitu rehani ndipo upewe ufunguo wa choo. Hakukuwa na swali jingine.

Stoo ilikuwa kule kwenye ukumbi wa kurekodia, nyuma ya pazia. Miendo ya watu waliochechemea ilitundikwa kwenye misumari kama makoti. Mikoromo ilitiwa ndani ya foronya na kufungwa fundo. Chafya ya babu wa mtu ilikaa kwenye chupa, na kila mawingu yalipotanda ilirusha kizibo. Vigugumizi viliwekwa kwenye kopo la rangi lenye kifuniko kigumu, kwa sababu vilirukaruka. Kabla ya kuingia jukwaani, waigizaji walipita humo na kuvaa walichohitaji. Aliyevitumia zaidi alikuwa mwanamume mmoja mnene aliyecheza wanawake wote wa kipindi, na watu walimwita Gauni.

Msichana aliyepiga pasi magauni ya Gauni alikuwa kitindamimba kwa mama yake, na ndivyo alivyoitwa, Kitindamimba, nyumbani na kwa dobi alikofanya kazi. Alikuwa mpole kiasi kwamba wateja waliondoka na chenji yao bila kujua nani amewapa. Kupiga pasi ndiyo iliyokuwa ada yake ya darasa. Alikaa kwenye godoro la mwisho, karibu na mlango, akijitahidi asiliamshe.

Jumamosi ya tatu alichelewa, kama alivyochelewa ya kwanza na ya pili.

"Wewe wa pasi," Mwalimu alisema. "Huko kwenu hakuna saa?"

"Ipo, Mwalimu."

"Sasa?"

Kitindamimba alitazama miguu yake. "Mama alikuwa ananisindikiza."

Godoro moja lililia, kisha jingine.

"Anakusindikiza unakwenda wapi, vitani?"

"Hapa. Ananisindikiza mpaka mlangoni, halafu anakumbuka jambo. Tukifika getini anakumbuka lingine. Kwenye nguzo ya umeme anasema kabla hujaenda, na njia panda anaanza upya."

Magodoro yote yalilia kwa pamoja. Muuza magodoro alipanda kuuliza kama kuna mtu anachana bidhaa yake.

"Andika hiyo," Mwalimu alisema.

Ilikuwa kweli. Mama yake Kitindamimba hakujua kumuaga mtu. Mgeni akija kwake kusalimu, salamu zilikwisha upesi, na kuagana kukachukua mchana uliobaki. Alimtoa mpaka mlangoni, akashika komeo, akasema, "Kabla hujaenda," na hapo ikaja habari ya mtoto wa fulani aliyeng'olewa jino zima akabakiziwa bovu. Getini ilikuja habari ya ndugu wa yule mtoto. Kwenye nguzo ya umeme alimuuliza mgeni mambo aliyosahau kumuuliza ndani: analalaje, mguu umepona, yule mume bado ananuna. Watu walimwambia kule nguzoni mambo ambayo hawakuyasema kitini. Watoto wake walipomlalamikia alisema, "Mgeni hasukumwi nje. Anatolewa pole pole kama mwiba."

Kitindamimba aliandika siku mbili, jioni, akiwa amekaa juu ya kapu la nguo kwa dobi. Katika kichekesho chake, kijana anakuja kwa mama mmoja kumwalika harusi yake, ambayo ni siku hiyo hiyo. Anapoaga, mama anasema kabla hujaenda. Mlangoni kijana anatazama saa. Getini bibi harusi anapita akiulizia kama kuna aliyemwona bwana harusi. Kwenye nguzo ya umeme bibi harusi anapita tena, ameolewa na mtu mwingine. Njia panda kijana ana mvi, na mtoto wa yule bibi harusi anampita akienda shule na kumwamkia shikamoo. Hapo mama anampiga begani na kusema, "Kabla hujaenda, kwani ulikuja kufanya nini?"

Mwalimu alikata nusu ya maneno na kusema kwamba nusu aliyoikata ndiyo iliyokuwa yake Kitindamimba na iliyobaki ni ya kwake. Hakukasirika. Hivyo ndivyo alivyosifu.

Kanuni ya nne Kitindamimba alikuwa anaijua. Aliiona kama kanuni za ndani ya ndege, ambazo zinawahusu wanaopanda ndege. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kucheka kwa jambo alilolisema yeye kwa kukusudia, na hakuona sababu ya watu kuanza Alhamisi. Mfano alikuwa nao mbele yake pale pale. Baba wa karani wa bima alikuwa na kigugumizi. Karani alikiandika, watu wakakicheka, na kikahamia kwenye kopo la rangi. Karani alifurahi, akasema amemtibu mzee bila kumpeleka hospitali. Siku hizi mzee aliongea maneno yaliyonyooka kama rula, ila aliongea machache sana. Ilionekana mengi yalikuwa yamekwama ndani ya kigugumizi na yalikwenda nacho.

"Ndo kasema nini sasa?" mwanafunzi mmoja alimuuliza.

"Anasema ndiyo na hapana," karani alijibu. "Vinatosha."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Watazamaji waliletwa na basi la kipindi, wakapewa soda, wakakaa mbele ya kibao cha taa kilichoandikwa CHEKENI. Walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto, wengine wakiwa na vyeo. Kibao kilipowaka walicheka, kilipozimika waliacha na kunywa soda. Kwa kichekesho cha Kitindamimba walianza kucheka kabla kibao hakijawaka. Fundi wa taa aliliona hilo kuwa dharau, na alilisema baadaye kwa kila aliyemsikiliza: kazi yake ni kuwaambia watu wacheke lini, na mtu hapendi kurukwa kazini kwake.

Gauni alipofika njia panda na kumpiga yule kijana begani, watu waliinama mpaka vichwa vikagusa viti vya mbele. Wakati huo kitu kiliingia kwa mlango wa nyuma. Kilikuwa kirefu, kimejikunja kama zulia, na kilipita kati ya waya za kamera kwa uangalifu, kwa mwendo wa mtu anayeingia nyumba ya watu. Msimamizi wa stoo alifungua pazia. Kiliegemea ukuta, karibu na foronya za mikoromo, na kikatulia.

Kitindamimba alikiona kikipita. Alikuwa ameshika gauni la pili la Gauni, na alilishika mpaka lote likajikunja.

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yao, mama mwenye cherehani, ameinuka kitini.

"Haya, mimi naondoka," jirani alisema, na akasimama pale pale, kama mtu anayengojea mlango wa gari ufunguliwe na mwingine.

"Haya, kwaheri," mama yake alisema, akafungua mlango, akamtoa, akaufunga. Pindo la nguo ya jirani lilibaki ndani. Ilibidi aufungue tena, akalisukuma pindo nje kwa kidole, akaufunga.

Kaka yake Kitindamimba alikuwa mezani, na tai yake begani ili isiguse chakula. Alifanya kazi katika ofisi iliyokuwa na zulia, na alipenda mambo yaishe.

"Umeona?" alisema kwa sauti ya chini. "Leo mgeni wa tatu huyo. Tangu jioni anawatoa kama tiketi. Sijui amemwona daktari gani."

"Hajamwona daktari. Nimemwandika."

"Umemwandika wapi?"

Akamweleza. Kaka yake alitafuna akifikiri.

"Kuna kilichopungua?" aliuliza. "Anakula, analala, anasali. Miaka yote hii nachelewa kazini kwa kusindikizwa mpaka njia panda kama mahari. Usiguse kitu, mdogo wangu. Ukimgusa utamharibu."

Jumamosi Kitindamimba alimwomba Mwalimu amruhusu alichukue lile zulia la mama yake. Mwalimu alikuwa anakula, na alimruhusu kwa kutikisa uma.

"Lichukue tu. Litarudi lenyewe kabla ya Alhamisi. Lina adabu kuliko nyinyi."

Alilibeba begani mpaka nyumbani na kulikunjua kuanzia mlangoni. Lilifika getini, likapita nguzo ya umeme, likaishia njia panda hasa, kama lililopimwa. Juu yake zilikuwapo nyayo za watu wote waliowahi kutolewa nyumba ile, zikienda na kusimama, zikienda na kusimama. Kulikuwa na nyayo za baba yake Kitindamimba, aliyeondoka zamani kutafuta kazi. Kila pale nyayo zake ziliposimama, kando yake zilikuwapo za mama, zimezama kuliko nyingine zote. Baada ya njia panda hakukuwa na zulia.

Mama yake alitoka na ndoo ya maji machafu.

"Zulia la nani hili?"

"Ni lako, mama."

"Mimi sina zulia refu hivi. Litoe mwanangu, watu watajikwaa." Alipita kando yake, kwenye vumbi, akamwaga maji, akarudi ndani kwa njia ile ile ya vumbi. Hakulikanyaga hata kwa kisigino. Jumatano lilijikunja lenyewe na kuondoka, na hakuna aliyelisindikiza.

Kitindamimba alimngojea Mwalimu kwenye ngazi za duka la magodoro.

"Kitu kikishakuja huku, kinarudi kwa namna gani?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Watu wakinyamaza. Kitu kikipelekwa jukwaani na watu wakanyamaza, kinakwenda zake kwa mwenyewe. Nimeona mara moja tu, na yule aliyeandika siku hizi anauza betri. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Mwandishi hanyamaziwi, binti. Kunyamaziwa ni msiba."

Lakini kanuni ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe. Ukimpa mtu kasoro mbili, watu wanamfikiria, wakimfikiria, wanamhurumia, wakimhurumia, wananyamaza. Kitindamimba aliipiga pasi kichwani mwake wiki nzima mpaka ikalala. Aliamua kumpa mama kasoro mbili, na ya tatu juu yake, ili atoke kwenye karatasi akiwa mtu kamili, na mtu yeyote mwenye mama afunge mdomo wake.

Kwanza aliandika sufuria. Mama yake aligombana na vyombo. "Wewe sufuria," alisema asubuhi, "jana nimekusugua mpaka ukang'aa, leo unaniunguzia. Nimekukosea nini?" Kijiko kikianguka alikiambia, "Na wewe usijifanye hukuwepo." Alivigombeza kwa haki, kila kimoja kwa kosa lake, na hakuna mtoto wake aliyewahi kugombezwa kwa hasira iliyobaki, kwa sababu sufuria zilikuwa zimekwisha kuichukua yote.

Kisha aliandika kuitwa. Mama yake alipomtaka mmoja aliwaita wote, kwa utaratibu wa kuzaliwa, mpaka amfikie anayemtaka. Alianza na mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla hajaota meno. Akamwita huyo kila mara, bila haraka, akampa nafasi ndogo ya kuitika. Kisha akamwita kaka, kisha dada aliyeolewa mbali, kisha Kitindamimba. Kaka yake alikuwa akiitika mapema na orodha ikakatika. Kitindamimba, kwa kuwa ni wa mwisho, ndiye aliyeisikia yote kila siku ya maisha yake, pamoja na ile nafasi ndogo.

Mwalimu alisoma akitembea.

"Hapa kuna tatu," alisema. "Nilisema moja."

"Naomba zibaki."

Lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kuomba, na magodoro yalinyamaza. Alhamisi hiyo alikuwa na upungufu wa kichekesho kimoja, kwa sababu mwanafunzi mmoja mwanasheria alikuwa amemaliza ndugu zake wote.

"Wasipocheka," alisema, "wewe na pasi yako mtafute pa kwenda. Hapa usionekane tena."

"Ndiyo, Mwalimu."

Karani wa bima alimwegemea sikioni. "Dada, hao watu wakipewa soda wanacheka hata kiti. Usijisumbue."

Alhamisi Kitindamimba alisimama pembeni mwa jukwaa, mahali ambapo aliweza kuwaona watazamaji na pia pazia la stoo. Gauni alilikunjua lile zulia na kumtoa mgeni mpaka mlangoni. Watu walicheka, kama walivyocheka mara ya kwanza, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuambiwa na wenzao kwamba hapo panachekwa. Kisha Gauni aligeukia sufuria na kuuliza ameikosea nini. Walicheka zaidi. Mlango wa nyuma ulifunguka na manung'uniko yakaingia, yana joto, yananukia sabuni ya vyombo. Msimamizi wa stoo aliyafunika kwa bakuli kubwa na kuliwekea tofali juu.

Kitindamimba hakutazama huko. Alitazama watu.

Gauni alifika mbele ya jukwaa, akaweka mikono kiunoni, akaita. Alimwita yule wa kwanza. Akampa nafasi ndogo, kama ilivyoandikwa.

Watu walinyamaza.

Si wote kwa mara moja. Alianza mzee mmoja wa safu ya nne, akashusha chupa ya soda magotini. Aliyekaa karibu naye akamtazama, naye akashusha yake. Kimya kilitambaa safu kwa safu mpaka kikafika ukutani. Gauni, ambaye hakuwahi kunyamaziwa, alibaki mdomo wazi, na chini ya poda uso wake ukawa wa mtu mwenye mama. Zulia lililokuwa jukwaani liliinua ncha yake moja na kuielekeza mlangoni. Ndani ya stoo tofali lilisogea juu ya bakuli.

Fundi wa taa alikuwa ameapa kwamba safari hii hawatamtangulia. Aliona nafasi, akaona hakuna aliyeanza, akawasha kibao.

Watu walisoma CHEKENI. Wakacheka.

Walicheka kicheko cha sasa na kile walichokuwa wamekizuia. Mzee wa safu ya nne alicheka mpaka akashikwa mgongo na mwenzake. Mwanamke mmoja alijifuta machozi akisema, "Mama yangu yuko hivi hivi, hivi hivi kabisa," na akacheka tena. Gauni alipata nguvu, akamwita mfu mara ya pili kwa sauti ya mbuzi, jambo ambalo halikuandikwa, na ukumbi ukapiga miguu chini. Zulia lililaza ncha yake. Kwa mlango wa nyuma iliingia kamba ya kuanikia nguo yenye vibanio vinne. Vibanio vitatu vilikuwa vimebana majina. Cha kwanza kilikuwa kitupu, na hapo ndipo kamba ilipolegea kwa uzito. Msimamizi wa stoo aliitundika msumarini. Msumari ulipinda, akatafuta mwingine.

Mwalimu alimkumbatia Kitindamimba mbele ya watu.

"Nimefundisha vibaya," aliwaambia wanafunzi Jumamosi iliyofuata, "na mimi si mtu wa kukosea. Kasoro moja ni ya wanaoanza. Mpeni mtu tatu. Ukimpa tatu anakuwa mama wa watu wote, na mama wa watu wote anachekwa na watu wote." Wanafunzi waliandika hayo. Karani wa bima alisema baba yake amebaki na kikohozi na woga wa mbwa, na akauliza kama viwili vinatosha. Mwalimu alimwambia amchunguze vizuri mzee, la tatu halikosekani.

Kitindamimba alipewa kazi ya kudumu. Hakupiga pasi tena. Alipewa godoro la mbele.

Nyumbani jikoni kulikuwa kimya. Sufuria ziliungua na hazikuambiwa kitu. Mama yake alipomtaka mtu alisema, "Wewe," na aliyekuwa karibu aliitika. Majirani walimsifu: siku hizi mama yenu ametulia, mwanamke wa heshima, unaingia kwake ukatoka. Walizidi kumsifu na wakazidi kutokuja, kwa kuwa mtu akiwa na neno la kusema kwenye nguzo ya umeme, alikosa wa kumwambia. Mama mwenye cherehani alionekana mara mbili amesimama pale nguzoni peke yake, ameshika kifua, kisha akaenda zake.

Jumapili kipindi kilirushwa. Kaka yake aliwasha runinga na kulegeza tai. Mama yake alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Hakucheka. Alitazama kwa makini, kama mtu anayetazama nyumba anayotaka kupanga.

"Huyu mama," alisema.

"Huyo mama ni mwanaume," kaka alisema. "Amevaa gauni tu."

"Awe yeyote. Angekuwa jirani yangu huyu, ningeshinda kwake." Alisogeza kigoda mbele. Gauni alikuwa anaita. "Huyo mtoto wake wa kwanza mbona haji? Anaitwa, haji."

Kaka yake alimtazama Kitindamimba, kisha akatazama runinga.

"Labda yuko kazini," alisema.

"Mtoto gani, mama yake anamwita vizuri namna hii haitiki," mama alisema. "Angekuwa wangu ningemfuata nimwambie."

Kitindamimba alivaa viatu. Jumapili jioni waandishi walikutana juu ya duka la magodoro kusikiliza mtaa ulivyocheka.

"Mama, mimi naenda."

"Haya, kwaheri." Mama yake aliinuka, akafungua mlango, akamtoa, akaufunga, akarudi kwa yule jirani wa kwenye runinga.

Kitindamimba alipita getini. Kwenye nguzo ya umeme sauti ya Gauni ilitoka kwenye madirisha ya nyumba zote, kwa pamoja: "Kabla hujaenda." Alisimama na kugeuka. Nyumba zote zilicheka. Alingoja zimalize, kisha akashika njia.

Alifika wa kwanza. Mwalimu alikuwa ndani, miwani usoni, akila. Wengine waliingia mmoja mmoja na kukaa.

"Wewe," Mwalimu alimwambia, "siku hizi unawahi. Zamani ulikuwa kama barua ya serikali. Umenunua saa?"

"Hapana, Mwalimu," alisema, akitazama miguu yake. "Hakuna wa kunichelewesha."

Godoro moja lililia, kisha jingine, kisha yote.

"Andika hiyo," Mwalimu alisema.

Kitindamimba alichukua kalamu na kuandika.